Majina ya Wapolandi: Bogdan, Kazimierz na yule dubu

CHAUSIKU: Karibuni tena jamani, mimi Chausiku mtoto wa usiku, niko na kaka yangu Majaliwa, leo tunaongelea majina ya Wapolandi.

MAJALIWA: Hahaha dada, Polandi tena? Umeitoa wapi hiyo?

CHAUSIKU: Tengeru hapo, Arusha. Si unayajua yale makaburi ya Wapolandi, wale wakimbizi wa vita kuu ya pili walioanza kuletwa 1942, kambi ilifika watu kama 5,000, na karibu 150 wamelala palepale. Nikawa nasoma majina kwenye mawe, ulimi ukagoma kabisa.

MAJALIWA: Zile z na w zimebanana kama abiria wa daladala.

CHAUSIKU: Eeh! Lakini ukiyavunja ni mepesi. Majina ya zamani, yale ya kabla ya ubatizo wa mtawala wao Mieszko mwaka 966, mengi ni maneno mawili yameungwa. Sław ni sifa, utukufu. Bronisław analinda sifa, Bolesław sifa zaidi, Władysław anatawala kwa sifa. Mwanamke unamwekea a tu mwishoni, Bronisława, basi.

MAJALIWA: Yaani wote wanataka sifa! Zbigniew je?

CHAUSIKU: Huyo nampenda. Gniew ni hasira, jina lenyewe ni kama kumwambia mtoto ondoa hasira.

MAJALIWA: Kuna jirani yangu angepewa hilo mapema tungelala usingizi.

CHAUSIKU: Na wewe kule ungekuwa Bogdan, aliyetolewa na Mungu, Majaliwa mtupu. Sasa shughuli iko kwa Kazimierz. Mir ni amani, ila ile sehemu ya mwanzo, "kazi", kwa Kipolandi inatokana na kuharibu, kwa hiyo wengine wanasema ni mvunja amani, wengine wanasema hapana ni mtangaza amani, na wafalme kibao wamelibeba.

MAJALIWA: Mzazi gani anamuita mtoto mvunja amani?

CHAUSIKU: Sisi si tuna kina Shida na Taabu? Halafu ngoja, wao jina lina sikukuu yake kwenye kalenda, wanaita imieniny. Stanisław ni tarehe 8 Mei, na wazee wengi wanaijali kuliko birthdei. Huhitaji kumuuliza mtu amezaliwa lini, unaangalia kalenda unabeba maua unaenda.

MAJALIWA: Na umri wako haujulikani! Safi hiyo. Lakini majina marefu hivyo nyumbani wanaitanaje?

CHAUSIKU: Wanayakata. Małgorzata anakuwa Gosia, Katarzyna ni Kasia, Aleksandra ni Ola. Wojciech anakuwa Wojtek, na hilo woj ni shujaa wa vita, ciech ni furaha. Sasa sikia, wanajeshi wa Kipolandi wakiwa Iran mwaka 1942, njia ileile waliyopita wengi wa hawa wa Tengeru, wakapata mtoto wa dubu, wakamwita Wojtek.

MAJALIWA: Dubu dubu?

CHAUSIKU: Dubu kabisa, wakamuandikisha jeshini, na kwenye mapigano ya Monte Cassino, Italia, 1944 inasimuliwa alibeba masanduku ya risasi za mizinga. Vita ilipoisha akaishia bustani ya wanyama Edinburgh, Uskoti, akafa 1963.

MAJALIWA: Kwa hiyo mwenye jina lililomkaa sawasawa ni dubu.

CHAUSIKU: Hahaha, mimi sijasema!