Waulizeni Walikokwama

CHELESTINO: Kamwene, Iringa. Kamwene na ninyi mnaotusikiliza kutoka Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi na Ruvuma. Mimi ni Chelestino, tuko Kihesa, na baridi ya leo imetufanya tufunge madirisha yote.

SKOLA: Mimi ni Skola, Mngoni wa Songea niliyeolewa hapa Iringa. Yaani watani wangu wamenizunguka pande zote.

CHELESTINO: Karibu, mtani. Mada ya mbolea tumeisogeza wiki ijayo, kwa sababu kuna ujumbe wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Ametuma msikilizaji wetu wa Makambako, dereva wa lori. Amewahi kupeleka mahindi hadi Juba. Anauliza: wabunge wa nchi iliyotoka vitani, kama hao wa Sudan Kusini, wanapofunga safari kwenda nchi za watu kutafuta mafunzo ya maridhiano, na msaada juu yake, wanakwenda kujifunza nini hasa? Na wakija kwetu, tutawaambia nini?

SKOLA: Swali zito. Mimi ningeanza kwa kuuliza hao wabunge ni akina nani, maana msikilizaji anaweza kudhani ni wabunge kama wa kwetu, waliopigiwa kura. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na mpaka leo haijafanya uchaguzi mkuu hata mmoja. Umeahirishwa tena na tena, mara ya mwisho ukasogezwa hadi Desemba 2026. Bunge lao la mpito lina viti 550, na viti hivyo viligawanywa kwenye mkataba wa amani wa Septemba 2018: upande wa Rais Salva Kiir 332, upande wa mpinzani wake Riek Machar 128, vilivyobaki makundi mengine.

CHELESTINO: Kwa hiyo ndani ya ukumbi ule wamekaa waliopigana.

SKOLA: Wamekaa wenyewe kwa wenyewe. Mbunge anamwangalia mwenzake na anajua Desemba 2013, vita vilipoanza Juba, kila mmoja alikuwa upande gani. Ndiyo maana siwezi kuwabeza wakisafiri. Ukiwa nyumbani kwenu, kila neno lina masikio. Ukiwa ugenini, mnakula meza moja, mnalala hoteli moja, unaweza kumuuliza mwenzako jambo ambalo Juba lingekuletea matatizo.

CHELESTINO: Hapo nakubaliana nawe. Lakini wasiwasi wangu ni huu: waliwahi kuja kwetu hapahapa Tanzania, na tulijitahidi kweli. Tarehe 21 Januari 2015, Arusha, Kiir na Machar walitia saini makubaliano ya kukiunganisha tena chama chao, SPLM. Mwezeshaji alikuwa Chama Cha Mapinduzi, Rais wetu Jakaya Kikwete alikuwepo. Na ndani yake kulikuwa na kipengele ambacho mimi kilinigusa sana: viongozi wa SPLM wawaombe radhi wananchi hadharani kwa yaliyotokea.

SKOLA: Wakapeana mikono, picha zikapigwa.

CHELESTINO: Na Julai 2016 risasi zikalia tena Juba, Machar akakimbia kwa miguu hadi mpakani mwa Kongo. Sisi Watanzania tunapenda kusema nchi yetu ni kisiwa cha amani, mgeni akija tunamhubiria. Wakija hao wabunge leo, ningependa tuwaeleze Arusha ya 2015 bila kuficha. Tuliwapatanisha wakubwa wa chama. Mama aliyekuwa amejificha kwenye kinamasi na watoto, hakuna aliyempigia hodi.

SKOLA: Ndiyo jibu langu kwa kaka yetu wa Makambako. Waulizeni wenyeji wenu walikokwama. Kila nchi itakuonyesha ilikofanikiwa, hilo halihitaji tiketi ya ndege.

CHELESTINO: Toa mfano.

SKOLA: Afrika Kusini. Wote wanakwenda huko kwa sababu ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Askofu Mkuu Desmond Tutu. Vikao vya hadhara vilianza Aprili 1996, watu zaidi ya 21,000 waliandikisha maelezo ya mateso yao ya enzi ya ubaguzi wa rangi. Waliotesa walikuwa na njia moja: njoo, sema ukweli wote, uombe msamaha wa kisheria. Waliomba zaidi ya 7,000, wengi wakakataliwa. Asiyesamehewa alitakiwa apelekwe mahakamani. Basi hapo ndipo palipokwama. Kesi mia tatu na zaidi zikakabidhiwa kwa waendesha mashtaka, zikakaa, zikakaa. Mwaka 2025 Rais Cyril Ramaphosa aliunda tume nyingine ya kuchunguza kwa nini zile kesi hazikwenda. Karibu miaka 30! Kuna wazazi wamekufa wakisubiri kujua nani alimuua mtoto wao.

CHELESTINO: Na fidia?

SKOLA: Waliotambuliwa kuwa waathirika walilipwa randi 30,000 kila mmoja, mara moja, kuanzia 2003. Tume ilikuwa imependekeza kubwa zaidi ya hiyo, na ya kulipwa kwa miaka sita. Sasa mbunge wa Juba akiketi na mbunge wa Cape Town, amuulize hilo: nani alizuia fedha, na ninyi bungeni mlifanya nini siku ile bajeti inapita?

CHELESTINO: Rwanda nao walikuwa na gacaca, mahakama za wanakijiji za kesi za mauaji ya kimbari ya 1994.

SKOLA: Rwanda ni somo, ila la tahadhari. Mahakama kama 12,000 za vijijini, kesi karibu milioni mbili, zikafungwa Juni 2012. Watu walikaa kwenye nyasi, jirani akamsikiliza jirani. Lakini kule vita viliisha kwa upande mmoja kushinda, na makosa ya askari wa upande ulioshinda hayakupelekwa gacaca. Sudan Kusini hakuna aliyeshinda. Huwezi kuichukua kama ilivyo.

CHELESTINO: Mimi sasa nataka tuje nyumbani, mtani, maana somo lingine tumelikalia wenyewe. Babu zangu na babu zako waliuana. Si hadithi. Mwishoni mwa miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa 1880, Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakatekwa. Leo mimi na wewe ni watani.

SKOLA: Kabisa.

CHELESTINO: Nilipomzika baba yangu, kabla jeneza halijashuka, mama wawili wa Kingoni walikuja wakaketi ukingoni mwa kaburi. Wakasema hatoki mtu hapa mpaka tulipwe, huyu Mhehe babu yake alituibia ng'ombe. Watu wote waliokuwa wanalia wakacheka. Mimi nilicheka huku machozi yanatiririka. Nikatoa fedha, wakainuka, wakashika majembe wakasaidia kufukia. Nimelifikiria jambo lile kwa miaka. Vita vya zaidi ya karne moja vilitajwa mbele ya watoto wangu, kwa sauti, siku ya uchungu kuliko zote, na waliovitaja ndio waliotufariji.

SKOLA: ...Hujawahi kunisimulia hiyo.

CHELESTINO: Nilikuwa sijawahi.

SKOLA: Pole, mtani wangu. Nami niseme jambo, usinielewe vibaya. Utani usiuzwe kama dawa. Ulikuja baada ya mapigano kukoma, kila upande ukiwa na ardhi yake na wazee wake wa kusema nao. Mtu ambaye bado yuko kambini Uganda, na wakimbizi wa Sudan Kusini walio nje ya nchi ni zaidi ya milioni mbili, ukimwambia acheke na aliyemchomea nyumba, umemtukana.

CHELESTINO: Ni kweli.

SKOLA: Mimi wageni hao ningewapeleka Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu wa Majimaji, zaidi ya 60, wakazikwa kaburi la pamoja. Nduna Songea Mbano naye aliuawa, na familia inasema kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakaa na wajukuu, akaomba msamaha. Miaka 117 baadaye. Akaahidi watajitahidi kukitafuta kile kichwa. Mama yangu mkubwa aliguswa na ule msamaha, kabisa. Halafu akauliza, "Kichwa kiko wapi?"

CHELESTINO: Sisi fuvu la Mkwawa, mtemi wetu wa Kihehe, ambalo nalo lilichukuliwa na Wajerumani, lilirudi mwaka 1954, na lilikuwa limeandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919. Hata lilivyorudi, wapo waliouliza kama ni lenyewe. Leo liko Kalenga, kilomita chache kutoka hapa tulipokaa.

SKOLA: Umeona? Mtu anaweza kuombwa radhi na rais mzima, akashukuru, na bado akabaki na swali lake. Wabunge wa nchi iliyopigana wanatakiwa walisikie swali hilo kwa mama mwenyewe, kuliko kwa mtaalamu mwenye projekta.

CHELESTINO: Tumalizie na msaada, maana ameuliza. Mkataba wa 2018, sura ya tano, unataka vyombo vitatu: tume ya ukweli, maridhiano na uponyaji, mamlaka ya fidia, na mahakama ya pamoja na Umoja wa Afrika. Sheria za viwili vya kwanza zilipitishwa mwaka 2024. Miaka sita baada ya saini! Na Machi 2025 Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Mimi ningekuwa mfadhili, ningesita.

SKOLA: Mimi nisingesita, ila ningechagua pa kuweka fedha. Nchi ina lugha zaidi ya 60. Nani atamtafsiria bibi wa Kinuer mbele ya tume? Nani atalipia boti ya kumleta msimu wa mafuriko, na nani atamlinda akirudi kijijini baada ya kutaja jina la kamanda? Huko ndiko msaada uende. Semina za hotelini zimetosha.

CHELESTINO: Na wao wenyewe wanajua kufanya. Kuna Wunlit.

SKOLA: Nilikuwa nasubiri useme! Mwaka 1999, vita na Khartoum bado vinawaka, makanisa yaliwakutanisha machifu wa Kidinka na Kinuer katika kijiji cha Wunlit. Wakachinja fahali mweupe. Kila upande ukapewa muda wake wa kusema yote, hakuna kukatizwa. Wakakubaliana kurudishiana wanawake na watoto waliotekwa, na kugawana malisho na maji. Hawakuhitaji pasipoti.

CHELESTINO: Basi kaka yetu wa Makambako, safari nyingine ya mahindi ukifika Juba...

SKOLA: Ukikutana na mbunge yeyote aliyerudi kutoka ziara, msalimie kwa heshima, mpe pole ya safari. Halafu muulize kikao cha kwanza cha tume kitafanyika lini, na katika kijiji gani.