Waliokwenda kwa Hiari na Waliobebeshwa Mizigo

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kumbukumbu za Vita Kuu ya Kwanza, na nitaanzia mbali, Australia. Ukiingia shule ya zamani kule, au kanisa, au ukumbi wa mji mdogo, mara nyingi utakuta ubao mkubwa wa mti uliopigwa vanishi, majina yameandikwa kwa rangi ya dhahabu, safu kwa safu. Wanauita ubao wa heshima. Mgeni hudhani wote hao ni marehemu. La hasha! Wengi walirudi, wakaoa, wakazeeka. Waliokufa ndio waliowekewa alama, msalaba mdogo au nyota, kando ya jina. Kilichomwingiza mtu ubaoni ni kujiandikisha.

Jeshi lao lililopelekwa ng'ambo lilikuwa la watu wa hiari. Serikali iliitisha kura ya maoni mara mbili, 1916 na 1917, ikitaka ruhusa ya kuwalazimisha vijana, na mara zote mbili wananchi walikataa. Hata hivyo watu wapatao 416,000 walijiandikisha, na zaidi ya 60,000 wakafa. Na mbao nyingi zilitundikwa vita vikiwa bado vinaendelea, nafasi zimeachwa wazi chini kwa ajili ya majina yajayo. Hapo pana ujanja. Kijana ambaye hajaenda anakaa kanisani saa nzima akitazamana na majina ya wenzake, la kwake halimo, na mama wa jirani anamwangalia kwa jicho la pembeni. Ubao uliwapongeza waliokwenda na papo hapo ukawasuta waliobaki. Kwa hilo mimi siusifu. Ila mjukuu wa leo akifika pale anaweka kidole juu ya jina la babu yake.

Sasa turudi kwetu. Sanamu ya Askari hapo Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, ilisimamishwa mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wao, ikaondolewa Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Tunaizunguka kila siku na foleni zetu, wengi hatujawahi kushuka kusoma kibao chake. Maneno ni ya Rudyard Kipling, mwandishi wa Kiingereza, yamewekwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanatoa ahadi: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Haya, zunguka sanamu yote ulitafute hilo jina. Halipo. Hakuna hata moja.

Si bahati mbaya. Waingereza walitumia wapagazi karibu milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na vifo vilivyokubaliwa rasmi ni takriban 95,000, wengi kwa malaria, kuhara na njaa, risasi zikiwa zimeua wachache tu. Waliopewa kazi ya kusimamia makaburi ya vita ya dola ya Waingereza waliamua kwamba Mwafrika atatosheka na mnara wa jumla. Ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ya Aprili 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, Waafrika na Wamisri wengi miongoni mwao, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni.

Kuna wanaosema majina hayakuwepo. Si kweli kwa wote. Kikosi cha wapagazi kilichosimamiwa na Oscar Watkins, afisa wa Kiingereza, kiliwasajili watu wake na kuwapa namba, maana walipaswa kulipwa mshahara. Karani aliyeandika jina ili mtu akatwe kodi alijua kuliandika vizuri sana! Upande wa Wajerumani hali ilikuwa mbaya zaidi, wengi walichukuliwa kijijini bila hata kusajiliwa.

Hapa ndipo mimi nakwama, na naomba mnisaidie wakati wa maswali. Tukiyapata majina hayo, tuyaandike chini ya kichwa gani? Hatuwezi kuiga Australia. Sheria ya mwaka 1915 katika Kenya ya leo iliruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu, na mwaka 1917 John Ainsworth, afisa wa serikali ya kikoloni, akapewa kazi ya kukusanya maelfu kwa mpigo, machifu wakiambiwa idadi ya kuleta. Mtu aliyekamatwa shambani, akabebeshwa sanduku la risasi hadi akafia Rufiji, ukimwandika "alijitolea" umemsingizia.

Pendekezo langu ni safu tatu: jina, wilaya alikotolewa, na mahali alipofia kama panajulikana. Juu ya ubao paandikwe tu "Waliochukuliwa". Wazee wa wilaya zenyewe wakitaka neno jingine, na waliweke wao.