Kusasisha LVM na multipath kwenye diski ya pamoja ya SAN bila kusimamisha klasta

Karibu. Leo tunasasisha programu zinazosimamia voliumu za diski ya pamoja, yaani LVM, inayogawa diski katika voliumu, na multipath, inayounganisha njia kadhaa za kuifikia diski moja, huku watumiaji wakiendelea na kazi zao.

Mfano wetu una seva tatu: seva1, seva2 na seva3, zote zikiendesha AlmaLinux 9. Zote zinaiona LUN moja (diski inayotolewa kwa seva) ya SAN, yaani mtandao wa hifadhi, kupitia itifaki ya iSCSI, kila seva kwa njia nne. Juu ya LUN hiyo kuna kundi la voliumu liitwalo vg_data, na ndani yake mfumo wa mafaili wa GFS2, unaoweza kutumiwa na seva kadhaa kwa pamoja, uliopachikwa kwenye /data. Msimamizi wa yote ni Pacemaker, programu inayoendesha klasta, nasi tunaiamuru kwa pcs. Ukiwa na RHEL 9 au Rocky 9, amri karibu zote ni hizihizi, ila jina la hazina ya vifurushi linaweza kutofautiana. Ila usifikirie kuipandisha klasta hii kwenda RHEL 10, kwa sababu nyongeza ya Resilient Storage, inayobeba GFS2, haimo huko.

Kabla hujagusa kitu, elewa hatari iko wapi. Ramani ya voliumu, yaani metadata ya LVM, imeandikwa kwenye diski yenyewe, mwanzoni kabisa. Seva zote tatu zinaisoma na yoyote inaweza kuiandika. Kinachozuia zisiandikiane juu ni kufuli za huduma ya lvmlockd, na lvmlockd inategemea dlm, msimamizi wa kufuli za klasta nzima. Seva ikirudi kutoka kwenye sasisho bila kufuli hizo, halafu mtu akapanua voliumu kutoka hapo, ramani inaweza kuharibika kwa wote. Ndiyo maana tunasasisha seva moja tu kwa wakati, na hatuendi ya pili mpaka ya kwanza ithibitishwe. Kama umewasha masasisho ya kujiendesha yenyewe, yazime sasa hivi kwenye seva zote:

systemctl disable --now dnf-automatic.timer

Sasa ukaguzi. Andika pcs status --full. Seva zote ziwe Online, na pasiwe na orodha ya vitendo vilivyoshindwa. Kisha pcs property config: tunataka kuona no-quorum-policy=freeze, na pasiwepo popote palipoandikwa stonith-enabled=false, kwani hiyo huzima fensi. Klasta ya GFS2 isiyo na fensi, yaani isiyoweza kuikatia umeme seva iliyopotea, usiisasishe. Tengeneza fensi kwanza.

Andika corosync-quorumtool -s. Kura zinazotarajiwa ni 3 na akidi, yaani idadi ya chini ya kura ili klasta ifanye kazi, ni 2. Maana yake ukiitoa seva moja unabaki na akidi kamili bila ziada. Ikianguka nyingine, /data inaganda mpaka akidi irudi. Kwa hiyo chagua saa ambayo hakuna mtu anayegusa swichi wala nyaya, na kama eneo lenu lina mgao wa umeme, hakikisha betri za UPS zimejaa.

Njia za diski: multipath -ll. Chini ya mpatha, jina ambalo multipath imeipa LUN yetu, tuhesabu mistari minne, kila mmoja ukiishia na active ready running. Ukiona mitatu, simama hapo. Hitilafu iliyokuwepo kabla ya sasisho itakupotezea usiku mzima ukidhani imeletwa na sasisho.

Tuchukue nakala.

vgcfgbackup -f /root/vg_data-kabla.vg vg_data
pcs config backup klasta-kabla

Nakili pia /etc/lvm/lvm.conf, /etc/lvm/devices/system.devices na /etc/multipath.conf, kisha vyote uvihamishie kwenye mashine iliyo nje ya klasta. Faili la vgcfgbackup lina ramani tu, halina data hata baiti moja. Nakala rudufu ya data yenyewe iwe imeshafanyika na imeshajaribiwa.

Sasa tunaanza na seva3. Kwanza tazama nani anatumia /data hapo:

fuser -vm /data

Mara nyingi utakuta ni mtu aliyeacha skrini ya amri ikiwa ndani ya folda hiyo. Mwombe atoke. Usipofanya hivyo, wakala wa Filesystem, sehemu ya Pacemaker inayopachika na kuachilia /data, ataziua programu hizo yeye mwenyewe na kazi ya mtu itapotea. Zikigoma kufa, na rasilimali imewekewa on-fail=fence, seva nzima itakatiwa umeme.

pcs node standby seva3

Amri hiyo inaondoa huduma za klasta kwenye seva3. Subiri. Andika findmnt -t gfs2 kwenye seva3. Isipotoa kitu, /data imeshaachiliwa. Kisha, ukiwa bado kwenye seva3:

pcs cluster stop
pcs cluster disable

Amri ya kwanza usiiongezee --all, kwani itasimamisha klasta nzima. Na pcs ikikuonya kwamba akidi itapotea, usilazimishe kwa --force; rudi ukaangalie seva nyingine ina tatizo gani. Amri ya pili watu wengi huiruka, nami naisisitiza: inazuia seva kujiunga na klasta yenyewe ikiwaka, kabla hujaikagua.

Sasa sasisho lenyewe, ambalo ni jepesi kuliko yote:

dnf update

Kwenye orodha inayotokea, hakikisha lvm2, lvm2-lockd na device-mapper zinapanda pamoja. Ikiwa dnf inakataa kupandisha lvm2 kwa sababu ya lvm2-lockd, huenda hazina ya vifurushi ya resilientstorage imezimwa. Jibu hapana, iwashe kwa dnf config-manager --set-enabled resilientstorage, uanze tena.

Likiisha, mambo matatu kabla ya kuwasha upya. La kwanza:

find /etc -name '*.rpmnew'

Kama uliwahi kuhariri lvm.conf, toleo jipya la faili limewekwa pembeni kwa jina lvm.conf.rpmnew, na lako limebaki. Yalinganishe kwa diff. Usilifunike lako kwa jipya, kwa sababu humo ndimo ulimoandika use_lvmlockd = 1. Thibitisha kwa lvmconfig global/use_lvmlockd. Jibu liwe 1.

La pili, moduli za gfs2 na dlm zinatoka kwenye kerneli. Kama kerneli mpya imeingia, andika modinfo -k, toleo la kerneli hiyo, kisha gfs2. Isipopatikana, usiwashe upya bado, maana /data haitapachikika. La tatu, kama multipath imesasishwa bila kerneli mpya, andika dracut -f, ili picha ya kuwashia ibebe programu na mipangilio ya sasa.

Washa upya.

Seva imerudi, lakini klasta bado imezimwa, na ndivyo tunavyotaka. Andika iscsiadm -m session, kisha multipath -ll. Njia nne tena. Halafu:

pvs

Utaona onyo kwamba lvmlockd haifanyi kazi na inasoma bila kufuli. Kwa hatua hii ni sawa. Tunachotafuta ni mstari wa /dev/mapper/mpatha wenye vg_data.

Na usipouona? Hapa ndipo data za watu hupotea, kwa hiyo twende polepole. LVM ya AlmaLinux 9, faili la system.devices likiwepo, husoma tu diski zilizoorodheshwa humo. Pengine liliundwa likiwa na diski ya mfumo pekee, au lina sda badala ya mpatha. Diski haijafutika, LVM haijaruhusiwa kuitazama. Usiandike pvcreate, wala wipefs, wala mkfs, na LVM ikikukatalia usiilazimishe kwa -ff. Seva mbili nyingine zinaandika kwenye diski hiyo dakika hii. Tiba ni hii:

lvmdevices --check
lvmdevices --adddev /dev/mapper/mpatha

Ongeza mpatha, usiongeze sdb wala sdc. Ukiiweka njia moja moja, LVM inaweza kushikilia waya mmoja, na waya huo ukikatika voliumu inaondoka wakati njia tatu bado ni nzima.

vg_data ikionekana, irudishe seva:

pcs cluster start
pcs node unstandby seva3

Fuatilia pcs status mpaka dlm, lvmlockd, LVM-activate na Filesystem zote ziwe Started kwenye seva tatu. Kisha dlm_tool ls: utaona lvm_global, lvm_vg_data na jina la mfumo wako wa mafaili, kila kimoja kikiwa na wanachama 1 2 3. Ukikuta wait fencing, kuna seva inayosubiri kukatiwa umeme na kifaa cha fensi hakijajibu. Shughulikia hilo kwanza. Malizia kwa vgs -o+locktype, iseme dlm, kisha unda faili ndani ya /data kutoka seva3 na ulisome kutoka seva1.

Yote yakiwa sawa, andika pcs cluster enable kwenye seva3. Iache ifanye kazi ya kawaida kwa muda, tuseme siku nzima ya kazi kama unaweza, ndipo uende seva2 kwa hatua zilezile. Seva iliyoandikwa Current DC kwenye pcs status, yaani inayoratibu klasta kwa sasa, iache ya mwisho.

Katikati ya safari, matoleo yakiwa bado yanatofautiana, usipanue voliumu, usiongeze diski, usiunde voliumu mpya. Sababu ni kwamba njia ya kurudi nyuma ni dnf history kupata namba ya sasisho, kisha dnf history undo na namba hiyo. Amri hiyo hurudisha vifurushi, lakini hairudishi kilichokwisha andikwa kwenye diski ya pamoja. Kama kosa ni la kerneli, chagua ya zamani kwa grubby --set-default.

Seva ya tatu ikikamilika, kwenye kila moja andika:

rpm -q lvm2 lvm2-lockd device-mapper-multipath dlm gfs2-utils

Majibu matatu yawe sawa herufi kwa herufi. Hapo unaweza kuruhusu tena upanuzi wa voliumu. Dnf-automatic iache ikiwa imezimwa.