Hakuna Aliyemuuliza Thomas

Wazazi wangu wa Arua, walimu wenzangu, na nyinyi wa Senior Two hadi Senior Four mliojaza viti vya mbele, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mmesoma The Maze Runner, riwaya ya James Dashner ya mwaka 2009, kwa hiyo sitaisimulia yote. Kijana anazinduka ndani ya lifti yenye giza, hakumbuki kitu ila jina lake, Thomas. Anapokelewa na wavulana wenzake katika uwanja uliozungukwa na mzingile ambao kuta zake huhama usiku. Baadaye inajulikana kwamba lile lote ni jaribio. Jua limeunguza dunia, maradhi yanawarusha watu akili, na shirika liitwalo WICKED linachunguza bongo za vijana hao ili lipate dawa.

Vijana hutaka tuzungumzie madude ya mle mzingileni. Mimi madude hayanisumbui. Kinachoninyima usingizi ni kwamba wale watoto hawakuulizwa. Wamefutwa kumbukumbu, na mtu asiyejua hata alikotoka atakubali nini, atakataa nini? Hata majina wamebandikwa: Newt ametolewa kwa Newton, Alby kwa Albert Einstein, Gally kwa Galileo.

Walionisikia siku nyingine wanajua ninakoelekea. Nitasema tena.

Nilikuwa Senior Two, shule ya bweni. Asubuhi moja, kabla ya uji, tulipangwa mstari nje ya bwalo, tukaambiwa tukunje mikono ya mashati. Kila mmoja alitolewa damu, vichupa viwili, akapewa soda na pakiti ya biskuti. Soda! Sisi ambao soda tulikuwa tukiionja Krismasi, tulisukumana tuwahi sindano. Rafiki yangu, aliyelala kitanda cha juu yangu, ndiye peke yake aliyemuuliza yule mama mwenye koti jeupe: "Mama, damu hii ni ya nini?" Mwalimu wa zamu akamvuta sikio. "Wageni wanaulizwa?" Akarudishwa mwisho wa mstari, na zamu yake ilipofika soda zilikuwa zimekwisha. Damu walimtoa vilevile.

Vichupa vyangu viliandikwa namba, jina hapana. Wale watu hawakurudi. Mpaka leo sijui walikuwa wanatafuta nini, wala kama waliona ugonjwa mwilini mwangu wakaondoka nao kimya. Likizo nilipomweleza mama, aliacha kupepeta mchele akaniuliza, "Nani aliwapa ruhusa?" Sikuwa na jibu, na yeye amekufa bila kulipata.

Najua kuna anayenong'ona kwamba Mwalimu anapinga utafiti. Hapana! Chanjo ya UKIMWI ya kwanza kujaribiwa Afrika ilijaribiwa hapahapa Uganda mwaka 1999, kwa watu wazima 40 waliojitolea. Nevirapine, ya kumkinga mtoto asiambukizwe na mama yake wakati wa kuzaliwa, ilijaribiwa hospitali ya Mulago, Kampala, miaka hiyohiyo. Nani atapinga hayo? Mimi nataka utafiti, tena mwingi, na nataka anayetolewa damu aambiwe ni ya nini.

Mwingine atasema hizo ni hadithi za kubuni za Marekani. Kwani Tuskegee ilibuniwa? Tangu 1932 hadi 1972 serikali yao iliwaangalia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipokuwapo. Waliambiwa wana "damu mbaya", basi. Na Willowbrook, New York, watoto wenye ulemavu wa akili waliambukizwa homa ya ini makusudi. Wazazi walitia saini, ndiyo. Lakini kituo kilikuwa kimejaa, na wengine waliambiwa nafasi ipo kwenye wodi ya utafiti tu. Saini ya namna hiyo ni saini gani? Na yote hayo yakiendelea, Kanuni za Nuremberg, za kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti, zilikwisha kuandikwa mwaka 1947, na ya kwanza kati ya zile 10 ni ridhaa ya hiari.

Kwa hiyo, mzazi, usiweke dole gumba kabla hujasomewa karatasi kwa Kilugbara au Kiswahili, lugha unayoisikia vizuri. Na ruhusa yako peke yake haitoshi: mtoto mwenye umri wa kuelewa naye lazima aelezwe na akubali.

Nilitaka kusema pia kwamba Thomas, kabla hajafutwa kumbukumbu, alisaidia kuubuni mzingile uleule. Hilo linahitaji siku yake. Filamu naiacha, mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili. Nakala tatu za kitabu ziko mezani, Senior Two waanze.

Binti wa mstari wa pili, umeinua mkono tangu nilipotaja soda. Simama, mwanangu, uliza. Hapa hakuna atakayekuvuta sikio.