Kabla hujafunga sola, andaa paa kwanza

Haya wadau, leo hatufungi sola, leo ni paa tu. Najua kuna mtu hapo paneli zake zishafika ziko sebuleni na anataka kupanda nazo saa hii hii, tulia kwanza, paneli inakaa juu miaka 25 na zaidi, sasa kama bati lako limebakiza mitano utakuja kufungua paneli zote, reli zote, waya zote, ubadilishe bati halafu uanze upya.

Tunaanzia darini. Panda mchana jua likiwa kali, zima tochi, subiri macho yazoee giza. Unaviona hivi vinukta vya mwanga? Kila kimoja ni tundu. Chomeka njiti ya ufagio ipenye itokee juu, ukishapanda paani unaziona njiti zimesimama huanzi kutafuta.

Sasa washa tochi tucheki mbao. Chukua bisibisi uchome kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) na papi (mbao zinazopigiliwa bati) taratibu, hasa zinapokalia ukuta na kwenye madoa ya maji. Ikigoma, mbao nzima. Ikizama kama kwenye sabuni hiyo imeoza au imeliwa na mchwa, inabadilishwa, sio kupigwa rangi. Paneli moja ya nyumbani ina kama kilo 20, watu wanaogopa huo uzito ila mimi naogopa zaidi upepo, maana unaingia chini ya paneli unaivuta juu, kwa hiyo skrubu lazima ing'ate mbao, bati peke yake halishiki kitu. Pima kila kenchi iko umbali gani toka ukutani na uandike.

Kama paa lako ni la asbesto za zamani ishia hapa, usitoboe wala kusugua, vumbi lake linaleta kansa, hiyo ni kazi ya wataalamu wake.

Haya tupande. Ngazi ikienda juu mita 4, mguu wake ukae mita 1 toka ukutani, na kichwa kipite ukingo wa paa mita 1. Paa liwe kavu, funga mkanda wa usalama, kanyaga kwenye mistari ya misumari ndo kuna mbao chini.

Angalia mipira iliyo chini ya vichwa vya misumari, huu hapa umepasuka kama tope kavu, ndo mlango wa maji huo. Ng'oa, weka skrubu mpya yenye mpira, kaza mpaka mpira uanze kutanuka kidogo basi, ukizidisha unakatika. Kwenye zile njiti ziba na silikoni baada ya kusugua kutu, tundu likiwa kubwa badilisha bati.

Kivuli nacho. Saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa chora kwa chaki kinapofika, mti, tangi la maji, antena, chochote, maana kivuli kidogo kwenye paneli moja kinaweza kushusha na zile zilizounganishwa nayo. Kata matawi sasa hivi, na ukingoni mwa paa panga kuacha sentimita 30 hivi bila paneli.

Mwisho mwagia paa maji kwa mpira wa maji, anza chini ukipanda, mwenzako awe darini na tochi. Akipiga kelele rudia hapo. Akikaa kimya robo saa nzima, mpigie fundi sola aje.