Lita Nne: Safari ya Wastaafu Wawili Jangwani Arizona

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Tangu nifike Tanga mwezi huu, kila nyumba niliyopiga hodi nimeulizwa swali lile lile: watu wazima nyie, wenye wajukuu, mlikwenda kutafuta nini jangwani? Leo mmenipa kipaza sauti, nitajibu. Ila nitajibu kwa kufuata maji, maana kule jangwani maji ndiyo niliyokuwa nikiyawaza kuanzia asubuhi hadi nalala.

Mume wangu ameendesha malori Marekani miaka 26. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi kwenye nyumba za kutunzia wazee. Tulipostaafu tulinunua gari-nyumba lililokwisha kutumiwa na mwingine. Ni gari refu kama basi dogo, ndani mna kitanda, jiko la gesi la plati mbili, friji, choo na bafu la kusimama mtu mmoja. Chini ya sakafu kuna matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyokwishaoga watu na kuosha vyombo, na la choo. Juu ya paa tuliweka paneli mbili za sola. Januari 2023, jimbo la Minnesota tulikokuwa, kule kaskazini, limefunikwa na theluji, tukashika njia ya kusini.

Wastaafu wengi wa Marekani na Kanada hufanya hivyo kila msimu wa baridi, na wengi wao hukutana Quartzsite, mji mdogo wa jimbo la Arizona wenye wakazi elfu chache, ambao ikifika Januari hufurika magari kama yetu mpaka huoni mwisho wake. Pembeni ya mji kuna ardhi ya serikali iitwayo La Posa. Sisi tulikuta unalipa dola 180, unaruhusiwa kukaa tangu 15 Septemba hadi 15 Aprili. Unachopewa ni changarawe, vichaka na nyota. Umeme ni wa jua lako mwenyewe, na maji unakwenda kuyachota mahali pamoja wanapochota wote.

Tangi letu linachukua lita 150. Mara ya kwanza tuliyamaliza kwa siku tatu! Bafu lina bomba la mvua, na ukishasimama chini ya bomba la mvua huna habari umetumia kiasi gani. Nikamwambia mzee wangu, tuoge kama nyumbani. Nikanunua ndoo ndogo na kopo. Nikapima: lita moja naichemsha, tatu za baridi nachanganya, lita nne zinanitosha kuoga mwili mzima na kusuuza kanga. Vyombo nikaosha kwenye beseni. Tangi likaanza kutupeleka siku kumi, na majirani zetu, wazee wa Kizungu kutoka Kanada, wakaja kuuliza tunafanyaje. Nilijisikia vizuri sana, nakiri. Ujuzi wa bibi yangu wa Mkinga, aliyechota maji kisimani kwa kichwa maisha yake yote, ulikuwa unafundishwa Arizona.

Hapo hapo Quartzsite kuna kaburi ambalo sikulitegemea. Kwenye makaburi ya mji utaliona toka mbali: piramidi ya mawe, na juu yake ngamia wa chuma. Wenyewe wanamwita aliyelala pale Hi Jolly. Mzee wangu akasoma kibao, akanyamaza, akasoma tena kwa sauti. “Hai Joli. Mama watoto, huyu ni Haji Ali!”

Ndiye. Mwaka 1856 jeshi la Marekani lilishusha ngamia zaidi ya 30 kwenye bandari ya Indianola, Texas, kwa sababu farasi na nyumbu walikuwa wanakufa kiu katika nchi hii mpya waliyoitwaa kwa Mexico. Ngamia wanataka watu wanaowajua, basi wakaletwa na wachungaji kutoka dola ya Uthmaniyya, Haji Ali akiwa mmoja wao. Mwaka uliofuata ngamia wakatembezwa kupima njia hadi mto Colorado na kuingia California. Kazi waliifanya vizuri, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza 1861 na mpango ukasahaulika. Haji Ali hakurudi kwao. Alibaki jangwani, akabeba mizigo, akatafuta madini, akafa mwaka 1902. Piramidi ilijengwa 1935. Mzee wangu aliinua mikono akamsomea Fatiha, pale kwenye upepo, na watalii wawili waliokuwa wanapiga picha wakasogea nyuma kumpisha.

Tukaendelea kusini. Karibu na mji wa Yuma, ng'ambo ya mpaka, kuna mji wa Mexico uitwao Los Algodones, wenye mamia ya madaktari wa meno. Wastaafu huegesha upande wa Marekani, wakavuka kwa miguu, wakatengenezwa meno kwa bei nafuu, na jioni wakarudi. Mimi nilijaziwa meno mawili. Kuvuka kwenda hakukuchukua dakika tano. Nawaomba mlikumbuke hilo.

Sasa niwapeleke ninapotaka kuwafikisha. Kutoka mji wa Ajo, uliokuwa na mgodi wa shaba mpaka 1985, barabara inashuka kwenye hifadhi ya Organ Pipe, mpakani kabisa na Mexico. Hapa jangwa si mchanga mtupu. Kuna saguaro, mpungate mrefu kuliko nyumba ya ghorofa, unaoweza kuishi zaidi ya miaka 150 na aghalabu hautoi mkono wa kwanza mpaka utimize umri wangu mimi. Kuna chemchemi iitwayo Quitobaquito, yenye kidimbwi na visamaki visivyozidi kidole, ambayo watu wameinywa maelfu ya miaka. Na ukisimama pale kidimbwini, mwendo wa dakika chache tu kwa mguu, umesimama ukuta wa nguzo za chuma, urefu wake mita 9, uliojengwa mwaka 2020.

Wenye nchi hii ni Watohono O'odham. Maana ya jina lao ni watu wa jangwa. Mwaka 1853 Marekani na Mexico zilikubaliana kuuziana ardhi, bei ikaja kuwa dola milioni 10, na mstari wa mpaka ukapita katikati yao bila wao kuulizwa. Leo eneo lao linapakana na mpaka kwa kilomita kama 100, na jamaa zao wengine wako Mexico, pamoja na makaburi na mahali pao pa ibada. Kila Juni wanavuna matunda ya saguaro kwa fito ndefu, kwa ibada ya kuukaribisha mwaka na mvua. Mimi ni Mdigo. Hapa Tanga sina haja ya kufafanua. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari, na leo shangazi yangu yuko Lunga Lunga, Kenya, mimi wa Horohoro, Tanzania, na kwenye harusi tunaimba nyimbo zile zile. Lakini sisi hatujajengewa ukuta. Niliposimama mbele ya zile nguzo nilimfikiria shangazi, nikashindwa kusema chochote mpaka tulipofika garini.

Usiku mmoja tukiwa kule, mbali na mji, mimi ndiye niliyeacha koki ya jikoni haijafungwa vizuri, na pampu ikakesha inasukuma. Alfajiri nataka kutia udhu, tone hakuna. Tangi tupu, lita 150 zote zimeingia kwenye tangi la maji machafu. Tulikuwa na gari, mafuta na simu. Na bado, wallahi, niliogopa. Kinywa kilinikauka hapo hapo kabla hata jua halijatoka. Jirani mmoja alitupa maji ya kunywa, na saa nne tukawa tumejaza mjini. Ndivyo yalivyokwisha. Lakini woga ule ulinifunza mwili.

Tulipofika Tucson tukasikia habari za Humane Borders, kikundi kilichoanzishwa mwaka 2000 ambacho huweka mapipa ya maji jangwani kwa wanaovuka mpaka kutoka Mexico kwa miguu, kwa kujificha. Tukaomba kwenda nao siku moja, wakatuchukua kwenye lori lenye tangi nyuma. Pipa ni la plastiki, la buluu, lina koki chini na neno AGUA ubavuni, yaani maji kwa Kihispania, na juu kwenye mlingoti mrefu kuna bendera ya buluu ili mtu aione toka mbali. Kazi yetu ilikuwa kuonja, kupima, kusafisha koki na kujaza kwa mpira. Pipa moja lilikuwa na tundu la risasi. Kuna watu hufanya hivyo.

Zamani wengi walivukia mijini, El Paso au San Diego. Mwaka 1994 serikali ikaamua kuziba mijini, kwa hesabu kwamba jangwa lenyewe litawarudisha watu. Hawakurudi. Kusini mwa Arizona mabaki ya watu zaidi ya 4,000 yameokotwa tangu miaka ile, wengine mpaka leo hawajulikani majina. Nimeuguza wazee miaka mingi, nimewafumba macho wengi, na sijawahi kuona mpango mwingine wa serikali unaotegemea kiu kama silaha. Siwezi kulisema kwa upole zaidi ya hapo.

Chini ya mti karibu na pipa la tatu niliokota dumu. Lilikuwa jeusi. Mwenzetu wa kwenye lori akanieleza kwamba huuzwa jeusi makusudi, lisije likang'aa juani likamwonyesha mwenye kulibeba. Pembeni yake palikuwa na viatu vya zulia, vya kuvaa juu ya viatu ili nyayo zisionekane. Dumu linaingia galoni moja. Mtu hubeba mawili, na njia ni ya siku kadhaa. Nililigeuza mkononi nikaanza kupiga hesabu ambayo sikutaka kuipiga: galoni moja ni karibu lita nne.

Jioni tulirudi kwenye gari letu. Maji ya kuoga yalikuwa yamechemka, kopo liko kwenye ndoo. Mzee wangu akauliza tumebakiwa na maji kiasi gani. Nikaangalia kipimo, nikamwambia robo tangi, kama lita 40.

Akasema, “Madumu kumi.”

Nikazima jiko, nikakaa naye mlangoni. Hatukuoga siku ile.