Ngoma ya Mafinga mbele ya wenye kiwanda

Kamwene ndugu zangu. Kamwene Mafinga, kamwene Iringa mjini, Makambako, Njombe, na nyie wa Mbeya mnaolalamika kwamba nawaruka, leo nimewataja. Ni dada yenu, bado niko hapa Leipzig. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, lakini sitaki kulala kabla sijaongea na nyie. Ile habari ya pete ya kupasha ngoma joto, aliyoibuni mdogo wangu na tukaipeleka kwa wenye viwanda, mmeniuliza mwaka mzima, na mwaka mzima nimekaa kimya. Leo naweza kuisema yote.

Aliyelelewa Mufindi anaijua Julai yetu. Ukungu unashuka kwenye misitu ya paini, saa kumi na mbili asubuhi humwoni mtu wa mita kumi mbele yako. Ngoma iliyolala sakristia usiku kucha inakuwa imekunywa ule unyevu. Ngozi inalegea, ukiipiga inatoa puu, puu, kama umepiga godoro. Ndiyo maana pale kigangoni kwetu, kabla ya Misa ya kwanza, watoto wanawasha moto wa matawi makavu nyuma ya kanisa, ngoma zinaota moto, mtu anazungusha, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anazungusha tena. Sasa moto una mambo yake. Ngoma ikishaingia ndani, mpaka padre amalize mahubiri imepoa, na wimbo wa matoleo ndio unaoitaka ngoma kuliko nyimbo zote. Ukiisogeza karibu mno ili joto likae, ngozi inapasuka.

Mdogo wangu ndiye anayepiga ile ngoma kubwa. Ilimpasukia mikononi asubuhi ya Pasaka. Ngozi ya ng'ombe mzima, waumini walichangishana kuinunua, na yeye alisimama pale mbele ya kwaya na ngoma iliyochanika. Alinipigia simu jioni, hakuongea sana. Baada ya hapo akaanza kuokota vitu.

Alichotengeneza ni pete. Ukanda mwembamba unaovaa ngoma kwa nje, chini kidogo ya mahali ngozi inapokunjwa na kufungwa. Ndani ya ukanda kuna waya wa koili, alioutoa kwenye jiko la umeme lililokufa, unaotumia betri ya pikipiki ya volti 12. Mpaka hapo utasema ni pasi ya ngoma. Lakini amebandika kwenye ukingo ile sahani ndogo ya shaba inayolia ndani ya saa ya mezani, piezo, ila yeye ameigeuza: badala ya kulia, inasikiliza. Mpigaji akigonga, chipu ndogo inahesabu mitetemo ya ngozi kwa sekunde. Sauti ikiwa chini ya ile aliyoiweka mpigaji, pete inapata joto. Sauti ikifika, umeme unakatika wenyewe. Ngozi ndiyo inayosema imetosha. Na joto halivuki nyuzi 45, hata ukiisahau.

Niliposhika ile pete likizo, mwaka juzi mwezi wa saba, nilifurahi mno. Nikafanya kosa ambalo ndilo limenifanya niwashe kamera leo. Nilirekodi sekunde 40 nikaziweka kwenye chaneli hii. Wengine mnaikumbuka ile video, mlinipongeza, mkaisambaza. Niliitoa baadaye, lakini kutoa hakusaidii kitu.

Nisikilizeni hapa vizuri. Kwa Ulaya, hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiige kitu chake, haitolewi kwa kitu ambacho umma umeshakiona kabla ya siku uliyopeleka maombi. Hata kama aliyekionyesha ni wewe mwenyewe. Marekani wanakuachia miezi 12 tangu ulipokionyesha, Ulaya hawakuachii. Kwa hiyo sekunde zangu 40 zilikula haki ya mdogo wangu kwa kila kilichoonekana pale: ukanda, waya, namna unavyofungwa. Kilichobaki salama ni sahani iliyokuwa imejificha chini ya ukanda na hesabu ya chipu, kwa sababu sikuvielewa vizuri siku ile na sikuvieleza. Nimemwomba radhi mdogo wangu ana kwa ana, na leo namwomba mbele yenu. Wewe unayejiandaa kupeleka mashine yako Nane Nane, pale uwanja wa John Mwakangale Mbeya, ukaitandike mezani na kila anayepita aipige picha: kabla ya meza, pita BRELA, wakala wa serikali anayesajili hataza.

Hata hiyo sahani tulikaribia kuikosea. Kuna mzee ninayemhudumia hapa, amenipa ruhusa nimseme bila jina. Alifanya kazi ya kuunda ngoma maisha yake yote, kule Vogtland, hukuhuku Ujerumani, ukanda wa Markneukirchen ambako watu wameunda ala za muziki kwa karne nyingi. Nilimwekea pete mapajani. Vidole vyake vinatetemeka, lakini alipitisha kidole gumba juu ya waya polepole, akafika mwisho wa ukanda, akasema neno moja: balbu. Nikadhani amechanganyikiwa. Kumbe anakumbuka zamani, kabla ya ngozi za plastiki, wapigaji wa bendi waliweka balbu ya umeme ndani ya ngoma kubwa ili ngozi ya ndama isilegee. Mtindo huo ni wa tangu miaka ya 1920! Kupasha ngoma joto kwa umeme, basi, ni jambo la miaka mia.

Usiku ule nilianza kupekua hifadhi za hataza kwenye intaneti. Ni bure, yeyote mwenye bando anaweza. Ndipo tukaelewa kwamba tusiombe hataza ya joto. Tuombe ya kile kitendo cha ngozi kuamuru joto kwa sauti yake. Mdogo wangu alipinga siku tatu, akakubali. Februari mwaka jana maombi yakaingia kupitia BRELA kwenda ARIPO, lile shirika la hataza la Harare ambalo Tanzania ni mwanachama, ombi moja linagusa nchi nyingi za Afrika. Kuanzia siku hiyo una miezi 12 ya kupeleka maombi yaleyale nchi nyingine ukihesabiwa tarehe ileile ya kwanza. Shikeni hiyo miezi 12, nitairudia.

Tukaanza kuandikia viwanda. Sitataja hata kimoja. Cha kwanza hakikujibu. Cha pili kilijibu kwa mistari miwili, kwamba hawapokei mawazo ya watu wa nje. Niliumia, nikadhani ni jina letu, ni Mafinga yetu. Baadaye nikaelewa kwamba makampuni mengi yanafanya hivyo kwa kila mtu. Wanaogopa: wakisoma wazo lako leo, na fundi wao ana wazo kama hilo mezani tangu mwaka jana, kesho utawashitaki kwamba wameiba. Cha tatu kilituma fomu ya kusaini, inayosema chochote utakachotuambia hakitakuwa siri. Wengi wetu tungekimbia. Sisi tulisaini, kwa sababu kilichokuwa cha kulinda kilikuwa kimeshaandikwa kwenye maombi. Ukitangulia kuomba mkataba wa kutunza siri, barua ya kwanza tu, wengi wanafunga mlango.

Oktoba wale wa kiwanda cha tatu wakanipa dakika 20. Nilibeba ngoma kwenye treni, nimeifunga kwa khanga. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililaza kitambaa kibichi juu ya ngozi mpaka asubuhi. Nilipoingia, kulikuwa na fundi mkuu, mama wa mauzo na mwanasheria. Sikufungua maelezo. Niliigonga tu. Puu. Wakatazamana. Nikawasha pete, nikaendelea kugonga taratibu huku tunaongea, na ngoma ikawa inapanda, inapanda, kila mtu anaisikia, mpaka dakika ya kumi na nne pete ikajizima yenyewe katikati ya sentensi ya yule mama. Fundi mkuu aliinuka, akaweka sikio kwenye ngozi, akagonga mwenyewe. Nilitamani mdogo wangu awe pale aone.

Halafu maswali. Hakuna aliyeuliza wazo lilitoka wapi. Mama wa mauzo alisema ngoma nyingi wanazouza zina ngozi ya plastiki, nani atanunua pete? Ana haki. Remo Belli wa Marekani alileta ngozi ya plastiki sokoni mwaka 1957 hasa kwa sababu ya tabu hii ya unyevu, na viwanda vingi vya ngoma duniani vikahamia huko. Nikamjibu kwamba wapo wapiga djembe na konga wasiotaka kuachana na mbuzi na ng'ombe kwa sababu ya sauti yake, na hapa Ujerumani Novemba inawatesa kama Julai inavyotutesa sisi. Fundi akageuza pete, akauliza: lehemu hii ina madini ya risasi? Ina risasi, ndiyo tunayopata dukani Iringa. Ulaya vifaa vya umeme haviruhusiwi kuwa na risasi isipokuwa kiasi kidogo sana, na lazima vipate alama ya CE, inayoonyesha kifaa kimetimiza masharti ya Ulaya. Akauliza gharama. Vifaa ni shilingi 38,000. Akasema bei ya dukani kwa kawaida huwa mara nne au tano ya gharama ya vifaa, maana kuna kiwanda, msambazaji, duka, kodi. Andikeni hiyo, wabunifu. Ukitengeneza kitu kwa laki moja, dukani hakitauzwa laki na nusu.

Wakatoa pendekezo: fedha ya mara moja, wachukue haki zote, dunia nzima. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Wao wanavuta kwao, na sisi tulivuta kwetu. Tumeomba mrabaha, yaani fungu dogo kwa kila pete itakayouzwa. Hesabu yake ni ndogo, msidanganyike na ndoto: pete ikiuzwa kwa maduka yuro 45, mrabaha wa asilimia 4 ni yuro 1.80. Pete elfu moja ni yuro 1,800. Kwa hiyo tumeongeza mambo mawili ambayo kwangu yana uzito kuliko asilimia. Kwanza, wasipotengeneza ndani ya miaka miwili haki zinarudi, kwa sababu kampuni inaweza kununua kitu ikakifungia kabatini. Pili, Afrika Mashariki inabaki ya mdogo wangu.

Ninachojipa nacho moyo ni habari ya John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1967 aligundua namna mpya ya kuunda sauti kwa kompyuta. Makampuni ya vinanda ya Marekani hayakuiona faida yake. Yamaha wakaiona, wakachukua leseni, na mwaka 1983 ikatoka DX7, kinanda kilichosikika kwenye nyimbo nyingi sana za miaka ile.

Sasa ile miezi 12. Wamechukua pete mbili kuzijaribu kwenye chumba cha unyevu, wakasema jibu ni Machi. Miezi yetu inaisha Februari, mwezi ujao. Sijui kama wamepanga, na sitaki kuwadhania vibaya, lakini tungekaa tukisubiri Machi tungebaki na Afrika peke yake. Kwa hiyo tunapeleka ombi la PCT, yaani ombi moja la kimataifa la hataza, linalokupa mpaka miezi 30 tangu tarehe ya kwanza kuamua nchi zipi uingie. Raia anayeishi kwenye nchi kama Tanzania anapunguziwa ada ya kimataifa kwa asilimia 90. Mimi naishi huku, jina langu likiingia kama mwombaji punguzo linapotea. Ndiyo maana halimo. Na kusema kweli hata lisingepotea, pete ni yake.

Anairudia yote kwa lehemu isiyo na risasi, nimemtumia roli mbili kwa mtu aliyekuwa anakuja Iringa. Jumapili hii anapeleka pete nne kigango cha jirani. Betri wameazima ya pikipiki ya katekista.